Moyo Wote Mpakani Mulot

Ukitoka Bomet kwenda Narok, unafika Mulot ukiwa umeshayaacha nyuma mashamba ya chai. Hapa ni mahindi na mifugo, na sokoni Mkipsigis na Mmaasai huuziana ng'ombe. Jumapili ikifika, watu walewale huingia makanisani. Katika Africa Gospel Church, kanisa lililoenea Bomet na Kericho, kuna fundisho ambalo muumini hulisikia tangu utotoni: Mungu hataki kipande cha moyo, anautaka wote.

Amri ya kumpenda Mungu kwa moyo wote imo katika Kumbukumbu la Torati. Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu, aliitaja hiyo, kisha akaiambatanisha na ya kumpenda jirani. Katika karne ya 18 mhubiri Mwingereza John Wesley aliifanya kuwa kiini cha mahubiri yake. Kitabu alichokichapisha mwaka 1766 kuhusu ukamilifu wa Mkristo kinaeleza kwamba ukamilifu huo haumzuii mtu kuugua, kusahau, wala kulielewa jambo vibaya. Kinachobadilika ni kile kinachomsukuma. Upendo unaujaza moyo hata kiburi na chuki vikakosa pa kukaa.

Wesley hakuishia mimbarini. Mwaka 1746 alifungua zahanati ya maskini jijini London, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha tiba kwa watu wasioweza kumlipa daktari.

Karibu karne mbili baadaye, mwendo huohuo ulionekana katika nchi ya Wakipsigis. Wamishonari wa World Gospel Mission, shirika lililotokana na vuguvugu la utakatifu la Marekani lililofuata mafundisho ya Wesley, walianzisha zahanati Tenwek, karibu na Bomet, mwaka 1937. Kwa miaka mingi wauguzi ndio walioibeba. Mwaka 1959 akaja Ernie Steury, daktari kijana kutoka jimbo la Indiana, pamoja na mkewe Sue. Alijifunza Kikipsigis, na kwa miaka kadhaa akawa daktari pekee hapo, akiitwa usiku na mchana. Kabla ya kumpasua mgonjwa, aliomba. Mwaka 1987 maporomoko ya Mto Nyangores yalianza kuipa hospitali umeme. Steury alifariki mwaka 2002. Tenwek leo ni hospitali kubwa inayofundisha wauguzi na madaktari wa upasuaji, na kauli yake ingali ileile: wao hutibu, Yesu huponya.

Isidhaniwe kwamba Wakipsigis walifundishwa na wageni kumcha Mungu. Walimwomba Mungu kwa jina la Asis wakielekea mawio ya jua, na walikuwa na mahali pa ibada ya pamoja palipoitwa kapkoros, jina ambalo sasa linabebwa na kiwanda cha chai huko Bomet. Injili iliongeza dai zito: kwamba anayempenda Mungu huyo ampende pia mtu asiye wa ukoo wake, hata adui.

Dai hilo ndilo linaloupima moyo. Kufunga, kukesha na kuimba ni vyema, na waumini wa maeneo haya huvifanya kwa bidii. Lakini mkulima anayepokea bonasi ya chai, akatoa fungu la kumi huku akimdhulumu mchumaji ujira wake, amempa Mungu pesa na moyo amebaki nao. Wala si tajiri tu anayepimwa. Mama anayemkaribisha mtoto wa jirani waliyegombana naye, akampa maziwa ya mursik kama anavyowapa wanawe, ameitii amri hiyo bila kusimama mimbarini.

Mpaka wa Bomet na Narok umeshuhudia wizi wa mifugo na mapigano kati ya Wakipsigis na Wamaasai, na pande zote mbili kuna watu wanaokiri Kristo. Wachungaji wa hapa wana kazi ambayo chifu na polisi hawawezi kuwafanyia. Wahubiri amri hii wakiwa pamoja, Wakipsigis na Wamaasai katika kusanyiko moja, kabla ng'ombe hajapotea. Na akipotea, waumini wa pande zote mbili wafuate nyayo zake wakiwa kundi moja, na mishale ibaki nyumbani.