Kurekebisha Kumbukumbu za Wanafunzi kwa Lugha ya R

Kumbukumbu za mwanafunzi ni amana. Zikiharibika, mtoto ndiye aumiaye. Siku hizi shule nyingi huziweka katika kanzidata, yaani majedwali yaliyomo ndani ya kompyuta, na mwalimu aweza kuzifanyia hesabu kwa R, lugha ya takwimu iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ya kuzirekebisha bila kuleta madhara.

Kwanza yafaa kutofautisha amri za aina mbili. Amri ya SELECT huuliza tu, na jibu lake ni jedwali. Amri za INSERT, UPDATE na DELETE huongeza, hurekebisha na hufuta. Kwa kawaida hazirudishi jedwali. Kwa hiyo kifurushi cha DBI kina njia mbili: dbGetQuery kwa kuuliza, na dbExecute kwa kubadili. Hii ya pili hurudisha idadi ya mistari iliyoguswa.

Tuseme mwanafunzi namba 14 alipata 86 katika Hesabu, lakini ikaandikwa 68. Mwalimu ataandika hivi:

dbExecute(con, "UPDATE alama SET hesabu = 86 WHERE namba = 14")

Neno con ni jina la kiungo kati ya R na kanzidata. Jibu litarajiwalo ni 1. Likiwa 0, hakuna mwanafunzi mwenye namba hiyo. Likiwa 45 katika darasa la watoto 45, sharti la WHERE limesahauliwa, na darasa zima limepewa 86!

Kinga ipo. Anza kwa dbBegin(con), kisha toa amri na utazame idadi. Ikiwa sahihi, thibitisha kwa dbCommit(con). Ikiwa si sahihi, dbRollback(con) itarudisha mambo yalivyokuwa. Baada ya kuthibitisha, njia hiyo ya kurudi imefungwa.

Katika kufundisha somo hili, usianze na kompyuta. Chora ubaoni jedwali lenye mistari mitano, andika amri, na uwatake wanafunzi waseme ni mistari mingapi itakayoguswa. Asiyeweza kuitaja idadi hiyo mapema hajawa tayari kuitoa amri.