Wastani Upi?

Chukua bamba la chuma la mviringo, nusu ya juu ya ukingo wake ikiwa na nyuzi joto 100 muda wote, nusu ya chini nyuzi 0. Joto likishatulia, kitovu kitakuwa na nyuzi 50, yaani wastani wa ukingo mzima. Hilo halimshangazi mtu. Kazi iko kwenye nukta iliyo nusu ya njia kutoka kitovuni kwenda juu kabisa. Hermann Schwarz, mwanahisabati Mjerumani, alionyesha kwamba hata hapo wastani unatosha, mradi ujue ni wastani upi. Kutoka kila nukta ya ukingo pitisha mstari mnyoofu kwenye nukta yetu hadi ng'ambo, zibadilishie ncha zake mbili joto, kisha tafuta wastani wa kawaida. Sasa nyuzi 100 zimetwaa takriban digrii 286 kati ya 360 za duara, hivyo jibu ni nyuzi 79.5. Huu si ulozi. Namba changamano zina mageuzi yanayoweza kuhamishia kitovuni nukta yoyote ya ndani, duara likabaki duara na mlinganyo wa Laplace, unaotawala joto lililotulia, usivurugike. Fomula ya Poisson, inayotoa joto la ndani kutokana na la ukingoni na kuwatisha wanafunzi bure, ni wastani uleule wa kitovuni baada ya uhamisho huo.

Mhandisi atapinga: ukingo haupimwi nukta kwa nukta, vipimo hutoa wastani wa vipande tu. Ni kweli, tukiugawa vipande 8 vilivyo sawa, wimbi la joto linalopanda na kushuka mara 8 kuuzunguka ukingo litafutika lote vipimoni. Lakini ndani wimbi hilo halina nguvu: nusu ya njia kutoka kitovuni limebaki 1/256 ya kimo chake. Kwenye asilimia 95 ya nusu kipenyo, hata hivyo, bado lina karibu theluthi mbili, na huko nakubali mhandisi ameshinda.

Na kama bamba si duara? Bernhard Riemann alitangaza mwaka 1851 kwamba eneo bapa lisilo na tundu, lenye ukingo, hugeuzwa kuwa duara bila kuharibu pembe. Uthibitisho kamili ulikuja baada yake, na kuyakokotoa mageuzi yenyewe kwa umbo lenye kona nyingi leo huachiwa kompyuta. Kwenye vitu vyenye ujazo njia hiyo hufungwa, ingawa kitovu cha tufe bado hupata wastani wa uso wake. Huko Henri Lebesgue alionyesha jambo baya zaidi: mwiba mwembamba mno ukichomekwa ndani ya kitu, joto la jirani na ncha yake laweza kukataa kulikaribia lile lililowekwa hapo.