Chujio la Petroli: Kifaa Kidogo Kinachosimamisha Huduma

Katika toleo hili tumeona ni vema tuandike habari za kifaa ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona kwa macho, kwa kuwa kinakaa gizani ndani ya tenki la pikipiki. Kifaa hicho ni chujio la pampu ya petroli. Ni kidogo, chaenea kiganjani, lakini kikiziba huduma ya vijiji vingi husimama.

Yaliyotupata

Mhudumu wetu mmoja wa afya ana vijiji vyake juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Hutumia pikipiki kubwa ya safari ndefu, tuliyopewa na wafadhili. Kila mwezi hutoka Masasi na kisanduku cha baridi chenye chanjo, hupita barabara ya tambarare, kisha huanza kupanda mlima. Chanjo haingoji. Barafu ikiyeyuka, dawa huharibika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni hurudi nyumbani mikono mitupu.

Pikipiki ile ilianza kukohoa mlimani. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, ila ikifika kwenye mwinuko ilipoteza nguvu na kuzimika. Ikipumzishwa kidogo iliwaka tena, na baada ya muda mfupi ilizimika. Kwanza tulibadilisha plagi. Safari iliyofuata ikawa vilevile. Tukanunua betri mpya, na hali haikubadilika. Hatimaye kamati ikaketi ikaandika barua ya kuomba fedha za pampu mpya, ambayo ni ghali na haipatikani madukani hapa mjini.

Kabla barua haijatumwa, fundi aliomba ruhusa ya kufungua tenki. Alipoitoa pampu alituonyesha kichujio chake cha chini. Kilipaswa kuwa cheupe, lakini kilikuwa cheusi na kizito kwa matope, mfano wa chujio la tui lililoachwa bila kuoshwa kwa wiki nzima. Pampu yenyewe ilikuwa nzima. Iliwekewa chujio jipya, na pikipiki ikapanda mlima bila kusita.

Tulishukuru, lakini pia tuliona aibu. Tulikuwa tumetumia fedha za plagi na betri zisizohitajika, na safari mbili za chanjo zilikuwa zimekwisha kuharibika.

Chujio hufanya kazi gani?

Pikipiki zetu ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile za kabureta, kama pikipiki ndogo nyingi za bodaboda. Kwa kawaida hizo hazina pampu. Petroli hushuka yenyewe kutoka kwenye tenki, hupita kwenye koki yenye wavu mdogo, na kuingia kwenye kabureta. Wavu ukiziba, mtu yeyote mwenye spana anaweza kuufungua, kuuosha kwa petroli safi na kuurudisha.

Aina ya pili ni zile zinazopuliza petroli kwa nozeli, zikiongozwa na vifaa vya umeme. Pikipiki nyingi kubwa za safari zinazotengenezwa siku hizi ni za aina hii. Pampu ya umeme hukaa ndani ya tenki, huvuta petroli na kuisukuma kwa nguvu ya takribani mara tatu ya msukumo wa hewa inayotuzunguka. Nozeli ina matundu madogo sana, kwa hiyo petroli ni lazima iwe safi kabisa. Ndiyo maana mara nyingi kuna machujio mawili: moja laini kama soksi kwenye mdomo wa pampu, linalozuia taka kubwa, na la pili lenye matundu madogo zaidi, mbele ya pampu.

Chujio likianza kuziba, petroli hupita kidogo kidogo. Kwenye tambarare injini haihitaji nyingi, kwa hiyo dereva haoni tatizo. Mlimani, akiwa amebeba mzigo, injini hudai petroli nyingi kuliko inayoweza kupita. Hapo hukohoa na kuzimika. Ikipumzika, petroli hupenya taratibu na kuiwezesha kuwaka kwa muda. Kwa hiyo pikipiki inayokwenda vizuri tambarare na kufa mlimani inatuambia jambo: tuangalie chujio kwanza.

Dalili nyingine ni kuchelewa kuwaka asubuhi, na pampu kutoa mlio mkali kuliko kawaida, kwa sababu inavuta kwa shida. Ikiachwa hivyo pampu hupata joto na mwisho huungua. Ikumbukwe kwamba petroli ndiyo inayoipoza pampu. Dereva mwenye mazoea ya kutembea na tenki karibu tupu anaiunguza pole pole.

Uchafu unatoka wapi?

Mafundi walitutajia njia nne. Ya kwanza ni vumbi, ambalo kuanzia Mei hadi Novemba huingia kila mfuniko wa tenki unapofunguliwa. Ya pili ni kutu ya tenki la chuma, hasa pikipiki inapokaa muda mrefu bila kujazwa. Ya tatu ni maji. Huku kwetu uwandani maji ni ya shida na kila dumu lina thamani. Dumu lililochota maji jana huweza kubeba petroli leo, na matone yaliyobaki huingia kwenye tenki. Ya nne ni petroli ya kupima kwa chupa kando ya barabara, ambayo hujui imepita mikono mingapi.

Wengi wetu tunakumbuka pia habari za mafuta yaliyochakachuliwa kwa kuchanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2010 Serikali ilianza kuweka alama maalumu kwenye mafuta ili kuwatambua wachanganyaji, na mwaka 2011 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hata hivyo, chujio halitenganishi mafuta ya taa na petroli. Linazuia uchafu tu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kununua kituoni kila inapowezekana, na anayelazimika kununua kijijini achuje kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi na atumie dumu la petroli peke yake, lililoandikwa hivyo.

Namna ya kubadilisha

Kazi hii ifanywe na fundi aliyefundishwa, akiwa na kitabu cha pikipiki husika. Tunaeleza hatua zake ili kamati zijue kinachofanyika na ziweze kuuliza maswali.

1. Pikipiki ipoe kabisa. Kazi ifanyike nje penye hewa, mbali na moto, sigara na jiko. Mchanga au kizimamoto kiwe karibu.

2. Chomoa waya wa umeme wa pampu, kisha washa injini iache izimike yenyewe. Hivyo msukumo uliobaki kwenye mpira wa petroli hupungua. Baadaye ondoa waya hasi wa betri.

3. Toa petroli kwenye tenki na kuiweka katika chombo safi chenye mfuniko. Fungua mpira wa petroli taratibu ukiwa umeuzungushia kitambaa.

4. Safisha vizuri sehemu inayozunguka kifuniko cha pampu kabla ya kugusa nati hata moja. Hatua hii husahauliwa mara nyingi, na vumbi lote la Masasi huangukia ndani ya tenki.

5. Legeza nati kwa kupishana, inua pampu pole pole, usipinde mkono wa kipimo cha mafuta.

6. Ondoa machujio ya zamani, weka mapya. Badilisha pia oringi, na klipu zilizochoka. Mpira wa petroli uwe wa kuhimili msukumo. Ule wa kawaida wa pikipiki ndogo huweza kupasuka na kusababisha moto.

7. Angalia ndani ya tenki kwa tochi. Kama kuna kutu au maji, lisafishwe na likauke kabla ya kufunga. Ukiweka chujio jipya kwenye tenki chafu umefanya kazi bure.

8. Rudisha pampu, kaza nati kwa kupishana na kwa kiasi kilichoandikwa kitabuni. Rudisha petroli iliyochujwa na waya zote. Fungua swichi mara mbili tatu bila kuwasha injini ili pampu ijaze mpira, kisha kagua kama kuna kuvuja. Ndipo uwashe, na mwisho uijaribu kwenye mwinuko.

Tunaonya jambo moja. Wapo mafundi wanaotoboa chujio lililoziba, au kulitupa kabisa, ili dereva afike nyumbani. Pikipiki itakwenda, lakini taka zitaingia kwenye pampu na nozeli, na gharama itakuwa kubwa mara nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunachoomba kamati na wafadhili

Askofu Edward Steere alipokuja Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, walitembea kwa miguu kutoka pwani. Huduma ya vijiji iliendelea hivyo kwa miaka mingi, na wagonjwa wakabebwa kwa machela. Wengine duniani waliguswa na shida kama hiyo. Mwaka 1925 mmisionari Otto Fuhrmann alifariki katika nchi ambayo leo ni Namibia, kwa kukosa usafiri wa kumfikisha kwa tabibu mapema. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, alianzisha shirika la MIVA mwaka 1927 ili wahudumu wa Kanisa wapate vyombo vya usafiri. Vyombo vingi barani Afrika vimetokana na moyo huo.

Lakini kupata chombo ni nusu ya kazi. Nchini Lesotho, kuanzia mwaka 1991, waanzilishi wa shirika la Riders for Health waliweka utaratibu wa matunzo kwa pikipiki za wahudumu wa afya: kukagua kila siku, na kubadilisha kifaa kabla hakijafa. Walithibitisha kwamba pikipiki inaweza kudumu miaka katika milima ile bila kumwacha mhudumu njiani. Hawakuwa na pikipiki za ajabu. Walikuwa na ratiba na vipuri.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

Kila pikipiki iwe na daftari lake. Ndani yake ziandikwe kilomita, petroli ilinunuliwa wapi, na tarehe chujio lilipobadilishwa. Kamati ilikague daftari hilo kila robo mwaka, kama inavyokagua hesabu za sadaka.

Pikipiki zote za pampu zifunguliwe na kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka, mwezi Novemba, kabla mvua hazijaharibu njia. Kitabu kikitaka mapema zaidi, kitabu kifuatwe.

Bajeti ya usafiri isiwe ya petroli tu. Iwe na fungu la vipuri, na fungu hilo lisiguswe kwa shughuli nyingine.

Wafadhili wetu wapendwa, mnapotupatia pikipiki ya kisasa, tunaomba mtume pamoja nayo machujio na oringi za kutosha miaka mitatu, na kitabu cha fundi. Na kabla ya kuchagua aina, tuulizeni ni vipuri gani vinapatikana Masasi. Mara nyingine pikipiki ndogo ya kabureta itatufaa kuliko kubwa ya kupendeza.

Bwana wetu alifundisha kwamba uaminifu wa wakili huonekana kwanza katika mambo madogo. Sisi tumejifunza hivyo kwa chujio. Mama aliyeketi chini ya mkorosho na mtoto wake akingoja chanjo haoni kamati wala mfadhili. Anasikiliza tu kama mlio wa pikipiki unapanda mlima.