Tunawaita wa nje, wa ndani kawatoa nani?

Kama Desemba hii bado uko Dar es Salaam na begi lako liko juu ya kabati, basi tuko wote. Wenzetu wa Moshi, Arusha na Bukoba wanazidi kupungua mitaani. Nenda pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ile iliyofunguliwa Februari 2021 ikapokea kazi ya Ubungo, ujionee mwenyewe. Mtu ana mabegi manne, mtoto mgongoni na televisheni imefungwa kwenye blanketi, na bado ana nguvu za kugombana na mpiga debe. Utadhani wanakwenda kuhesabiwa kwao, kama Yusufu na Mariamu!

Sisi ambao nauli imetushinda, au kwetu ni hapa hapa Mbagala, Krismasi yetu iko kanisani na kwenye sinia la pilau. Leo nataka nikupe kisa cha kanisa letu. Usikimbie, sikuhubirii. Atakayehubiriwa hapa ni mimi mwenyewe, na utaona kwa nini.

BANDA LIMEJAA

Kanisa letu lilianza chini ya mwembe, likahamia kwenye turubai, ndipo likapata mabati. Hayo nahadithiwa. Mimi nilijiunga baada ya kumaliza kidato cha nne, na matokeo ambayo mama mpaka leo hayataji mbele za watu. Wakati ule mabenchi ya nyuma ungeweza kujinyoosha ukalala. Leo hii ukichelewa ibada ya saa nne, unasikiliza neno umesimama juani na mwamvuli mkononi.

Hapo hakuna muujiza sana, ni hesabu tu. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja na ushee walioongezeka, wa kuzaliwa na wa kuhamia, lazima walale mahali. Wengi wanasogea pembeni ya jiji ambako chumba bado kina bei ya kuongeleka. Na mtu akihama na kabati lake, anahama na dini yake pia.

Kipindi hiki ndio usiseme. Majilio ni Jumapili nne za kujiandaa, lakini kwetu ni wiki nne za mchakamchaka. Vijana wa kipaimara wametoka tu kubarikiwa, wazazi wao bado wana madeni ya keki na mpiga picha. Watoto wa shule ya Jumapili wako kwenye mazoezi ya igizo la mkesha, na mwaka huu wachungaji wa kondoo wako kumi na moja, kwa sababu hakuna mama aliyekubali mwanawe awe kondoo.

Halafu kuna mnada. Kama hujawahi kusali na Walutheri, ngoja nikupe picha. Asiye na noti analeta alichonacho: kuku, trei la mayai, mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha tunatoka nje, dalali anapanda kwenye kiti, mnada unaanza. Mtu ananunua jogoo kwa elfu ishirini, anamrudisha, anauzwa tena. Jogoo mmoja anaweza kujenga ukuta mzima na akabaki hai!

SPIKA NANE

Basi bwana, Jumapili ya kwanza ya Majilio tukaitwa kwenye kikao. Mimi ni katibu wa vijana. Sikuchaguliwa kwa hekima, nilichaguliwa kwa mwandiko. Ajenda ilikuwa moja: tumekua, sasa tuwafikie walio nje.

Mapendekezo yakamwagika. Mkutano wa injili wa siku tatu, kuanzia tarehe 27, kwenye uwanja wa mpira. Jukwaa. Jenereta, maana umeme wetu unaujua. Kwaya mgeni pamoja na basi lake. Na spika nane. Mimi na vijana wenzangu tulishikilia hapo hapo kwenye nane, kwa sababu kanisa la jirani walikuwa na sita. Nilipojumlisha, ikaja milioni tatu na laki mbili. Watu wakaguna, lakini ni lile guno la mtu ambaye tayari keshakubali.

Mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala, akanyoosha mkono. Akasema uwanja ule umezungukwa na nyumba za watu, na kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, ambazo hazimwambii mwenye baa tu apunguze, zinatuambia na sisi. Kisha akakumbusha Oktoba 2012, pale ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani ulipozaa moto mkubwa, makanisa kadhaa ya hapa Mbagala yakachomwa na kuvunjwa. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka tulifungiwa ndani.

"Majirani zetu tuliishi nao vizuri kabla ya siku ile, na tumeishi nao vizuri baada yake," alisema mzee. "Sasa tukiwaelekezea spika nane madirishani usiku, tunawaambia nini hasa?"

Vijana tukaanza kunung'unika. Mwingine akanong'ona eti wazee wanaogopa maendeleo. Ndipo akasimama bibi mmoja, yule anayefagia kanisa kila Jumamosi bila kulipwa. Huwa hasemi kwenye vikao. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mama pacha simwoni tangu mvua za masika. Yule fundi viatu wa pale kona, simwoni. Dada aliyekuwa anauza maandazi, simwoni. Yule kijana mrefu wa kwaya, mwenye sauti nzito, naye simwoni." Akanigeukia. "Katibu, mwanangu, yule kijana yuko wapi?"

Nikajibu haraka: "Amehama, bibi."

Akakaa. Na mimi, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri, nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: amehama.

UONGO WENYEWE

Msomaji, sikufichi. Hakuhama. Na niliyemtoa ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa sita kwaya iliamua kushona sare mpya, shati la kitenge na suruali nyeusi, kila mtu shilingi 45,000. Mkusanya fedha nani? Mwenye mwandiko. Yule mshikaji alikuwa deiwaka kwenye daladala, leo ana gari, kesho hana. Akatoa 15,000, akasema nyingine zinakuja. Zikachelewa. Nikamkumbusha mara mbili. Siku moja fundi alinibana kuhusu hela yake, na mimi nikapandwa na hasira. Nikaandika orodha ya wadaiwa, nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, majina na madeni yao, na chini nikamalizia: "Asiye na sare asisogee mbele Jumapili."

Walikuwa wadaiwa watano. Wanne walilipa usiku ule ule, nadhani kwa kukopa. Wa tano simu ikaniandikia kwamba ametoka kwenye kundi. Nilikiona kile kistari kidogo, nikajua maana yake, nikalala. Kesho yake sikupiga simu. Kesho kutwa nikaona aibu kupiga. Baada ya mwezi nikajiambia lazima keshapata kanisa lingine. Unajua jinsi mtu anavyojidanganya taratibu, kama anayekula mkate kwa kumega megeo.

Kanisa dogo lina shida zake, lakini mtu akikosekana Jumapili moja, kiti chake kinaonekana. Likishajaa, kiti hakibaki kitupu hata dakika tano. Anakaa mwingine, tunapiga makofi, tunasema tumekua. Nani atajua kwamba mlango wa mbele unaingiza wawili na wa nyuma unatoa mmoja?

CHARAMBE, JIONI

Jumanne yake nikaenda kumtafuta. Mvua za vuli zilikuwa zimeshafanya kazi yake, Charambe kote ni madimbwi, viatu nimevishika mkononi. Nikamkuta uani kwao anaosha daladala, ndoo pembeni, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Oya, katibu!" akasema. "Umefuata thelathini yako?"

Nikacheka kicheko kibaya. Nikamwambia hapana. Nikajaribu kusema maneno niliyoyapanga njiani, yote yakapotea. Nikabaki na moja: "Nilikukosea, kaka."

Hakujibu. Akaendelea kusugua tairi. Baadaye akasema, bila kuniangalia: "Unajua mazoezi yenu ya jioni yanafika mpaka huku? Upepo ukigeuka nasikia kila kitu. Sauti ya nne hamna. Mnaimba kama nyumba isiyo na msingi."

"Sasa wewe unasikiliza tu?"

"Naosha gari. Naijazia hapa hapa."

Nakwambia, msomaji, pale nilitamani ardhi inimeze pamoja na daftari langu. Sisi tunatafuta milioni tatu za kuwafikia walio mbali, na huku kuna mtu anaimba nasi kila jioni kutoka nyuma ya daladala, akiwa na ndoo ya maji machafu.

Nikamwomba arudi. Akaniuliza swali moja: "Nikirudi, wale walioiona ile orodha watakuwa wamesahau?" Sikuwa na jibu. Nikaondoka.

KIKAO CHA PILI

Jumapili iliyofuata nikaomba nafasi kabla ya ajenda. Nikasoma ile sehemu ya kumbukumbu, nikasema neno "amehama" ni uongo, nikaeleza. Miguu inatetemeka kama ya mtahiniwa. Mwinjilisti wetu hakunigombeza. Alisema tu, "Futa, andika ukweli." Nikafuta.

Hapo kikao kikageuka. Kumbe kila mtu alikuwa na wake. Mama mmoja akasema fundi viatu aliacha kuja kwa sababu ya maneno aliyoambiwa kwenye harambee. Mwingine akasema yule dada wa maandazi alifiwa, jumuiya yake haikufika msibani, akaona basi. Tukaandika majina. Yakafika ishirini na saba.

Maamuzi yakawa haya. Mkutano upo, lakini wa siku moja, mchana, kwenye uwanja wetu wenyewe, spika mbili. Serikali ya mtaa itaarifiwa mapema. Fedha iliyopungua itanunua mchele, mafuta, sabuni na khanga, nusu iende kwa wagonjwa wetu waliolala majumbani, nusu wodi ya wazazi hospitali ya Temeke. Kabla ya tarehe 24, kila jumuiya iwe imewagongea hodi watu wake wa kwenye orodha. Kugonga hodi tu. Hakuna kudai, hakuna kuuliza "mbona hukuonekana", hakuna karatasi ya ahadi.

Na kwaya itaimba Krismasi hii kwa shati jeupe lolote ambalo mtu analo. Hilo lilipita kwa kura mbili tu, usidhani sisi ni malaika. Waliokwisha lipa sare wana hasira na mimi mpaka leo, na wana haki.

Pilau liko pale pale. Anayechinja ni jirani yetu Mwislamu, mzee wa siku nyingi mtaani, ili sinia likipita nyumba kwa nyumba wote wale bila wasiwasi. Masufuria makubwa tunaazima kwa mkewe. Idi ikifika, sinia linarudi limejaa. Hili tulikuwa tunalifanya miaka yote, ila hakuna aliyewahi kuliandika kwenye ripoti kama kazi ya kuwafikia watu, kwa sababu halina kipaza sauti.

Kwa hiyo msomaji wangu, uwe wa kanisani, wa msikitini au wa kijiweni, Desemba hii kabla hujamwalika mtu mpya, fungua lile kundi lako, pandisha juu taratibu, utafute jina la mtu aliyetoka na hakuna aliyeuliza. Kama una deni naye, sema. Kama yeye ndiye anadaiwa, mfuate bila daftari.

Mimi jana nimerudi Charambe. Nimempelekea mshikaji shati langu la pili jeupe, limepigwa pasi. Hakulikataa, hakusema atalivaa. Alilitundika kwenye msumari ukutani, akarudi kwenye ndoo yake. Mkesha unaanza saa mbili usiku, na mimi nitasimama sauti ya tatu, mgongo kwa sauti ya nne. Sitageuka kuangalia. Nitasikiliza.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, nitakwambia nilichosikia. Krismasi njema!