Vidonge vya Macho na Nsansa za Nzega

Vidonge vya macho wanavyouziwa wazee vilithibitika kwa ugonjwa mmoja tu: kuchakaa kwa doa la katikati ya retina, sehemu inayomwezesha mtu kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya aliye mbele yake. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001, wagonjwa walipewa kila siku vitamini C miligramu 500, vitamini E, betakarotini miligramu 15, zinki miligramu 80, na shaba kidogo ili zinki isije ikaleta upungufu wa shaba mwilini. Kwa waliofika hatua ya kati, hatari ya ugonjwa kukomaa ilipungua kwa takriban asilimia 25 katika miaka 5. Walio mwanzoni hawakuonekana kunufaika.

Betakarotini ilikuja na balaa lake. Wavuta sigara wa Ufini waliomeza vidonge vyake walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1994. Awamu ya pili ya utafiti wa Marekani, mwaka 2013, ilionyesha kuwa luteini miligramu 10 na zeaxanthini miligramu 2 zinaweza kushika nafasi yake. Mafuta ya samaki hayakuongeza kitu. Mkoani Tabora, kwa wakulima wa tumbaku wanaovuta, habari hii ina uzito wa pekee, maana sigara yenyewe huchochea pia ugonjwa huo wa retina.

Luteini ni rangi ya manjano iliyofichwa na ukijani wa majani. Huko Nzega, mkoani Tabora, imo kwenye matembele, majani ya maboga na ya kunde. Kiangazi huja nsansa: majani ya kunde huchemshwa, huchujwa, kisha hutandazwa mkekani mpaka yavunjike mkononi. Hapo ndipo hasara inapoingia, kwa kuwa jua kali huharibu luteini na karotini. Yakianikwa kivulini penye upepo hubakiza zaidi. Nsansa iliyopauka kama nyasi kavu imeshapoteza nyingi. Rangi hizi huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo karanga za kutwanga zinazoungwa humo si za ladha tu: bila mafuta yake utumbo hufyonza kidogo sana. Mawese ya Kigoma hufaa pia, na yana karotini yake, alimradi yasiunguzwe mpaka yakapoteza wekundu. Michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) ya viazi vyeupe, pamoja na kushibisha kwake, haina karotini ya kutajika. Ya viazi lishe, vyenye rangi ya chungwa, inayo, ingawa hupungua ghalani mwezi hadi mwezi.

Mtoto wa jicho, ugonjwa unaopofusha wazee wengi zaidi Tanzania, hausafishwi na kidonge wala mboga. Lenzi iliyoingia ukungu huondolewa kwa upasuaji na kuwekwa ya bandia. Kutoona herufi za karibu baada ya miaka 40 hutaka miwani. Presha ya macho huiba uoni kimyakimya, bila maumivu. Hupimwa kwa kifaa na mara nyingi hudhibitiwa kwa matone ya kila siku.