Mvua ikinyesha Singida, maji mangapi yanakimbia shambani? Hivi ndivyo yanavyopimwa

Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, na maeneo mengi hupata kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Kwa mkulima wa alizeti, mtama au uwele, kila tone lina kazi. Shida ni kwamba mvua hiyo huja kwa kishindo: saa moja inamwagika, kesho jua kali. Maji yasiyozama ardhini yanakimbia, na hayaondoki mikono mitupu. Yanabeba udongo wa juu, ule wenye rutuba.

Piga hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina mita za mraba kama 4,000. Mvua ya milimita 20 inamwaga hapo lita 80,000. Nusu ikikimbia, umepoteza madumu 2,000 ya lita 20.

Utajuaje ni nusu au ni robo?

Kuna njia isiyo na mambo mengi. Chukua kipande cha mita 10 kwa 2 kinachofuata mteremko. Kizungushie bati au mbao zilizozamishwa ardhini, ili maji ya nje yasiingie na ya ndani yasitoroke. Upande wa chini weka bomba linaloingia kwenye pipa lenye mfuniko, lililofukiwa shimoni. Pembeni weka kipima mvua.

Mvua ikinyesha milimita 10, kipande hicho kimepokea lita 200. Pipa likiwa na lita 60, maana yake asilimia 30 ya mvua imekimbia. Koroga maji, chota lita moja, acha tope litulie, mwaga maji, kausha tope na ulipime. Zidisha kwa lita zote za pipani, unapata kilo za udongo ulioondoka. Kwa mvua kubwa pipa la pili linahitajika.

Jambo hili si geni Kanda ya Kati. Mwaka 1933, mtaalamu R. R. Staples alianza vipimo vya aina hii Mpwapwa, Dodoma. Kwenye ardhi tupu, karibu nusu ya mvua ilikimbia, na udongo uliopotea ulizidi tani 100 kwa hekta kwa mwaka. Penye nafaka ilikimbia kama robo. Penye nyasi haikufika hata asilimia 2, na udongo ulibaki pale pale.

Mvua ile ile, mteremko ule ule. Tofauti ni kilichofunika ardhi tu.

Ndiyo maana vipande viwili vikipimwa bega kwa bega, kimoja kitupu na kingine kimefunikwa mabua, mkulima anajionea mwenyewe. Hapo ndipo mvutano wa Singida ulipo: baada ya mavuno, mabua hayo hayo ni chakula cha ng'ombe. Kuyaacha yote shambani ni kugumu kwa mfugaji.

Lakini si lazima yote. Baadhi yanaweza kubaki, na mengine yakaenda zizini. Matuta yakikatiza mteremko na kufungwa kwa vigingi vya udongo kati yake, maji yanatulia na kuzama. Ukipanda nyasi kwenye makinga maji, mifugo inapata malisho na udongo unashikwa.

Pipa litakwambia kama imefanya kazi.