Udaktari Marekani: Chuo kidogo ni mlango tu, safari bado ndefu

KILA mwaka, baadhi ya wahitimu wa shule za upili humu nchini hupata ufadhili wa kusomea shahada ya kwanza nchini Marekani. Miongoni mwao wamo wanaotamani kuwa madaktari, na baadhi ya wazazi huwaaga katika uwanja wa ndege wakiamini kwamba watarejea baada ya miaka minne wakiwa matabibu kamili. Imani hiyo si sahihi, na yafaa irekebishwe kabla ya fomu za maombi kujazwa.

Nchini Kenya, mwanafunzi hujiunga na masomo ya udaktari moja kwa moja kutoka shule ya upili. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, masomo hayo huchukua miaka sita, kisha hufuatwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Utaratibu wa Marekani ni tofauti. Sharti mtu apate kwanza shahada ya miaka minne katika somo lolote, ndipo aombe nafasi katika shule ya udaktari, ambako atasoma kwa miaka mingine minne. Baada ya hapo huja mafunzo ya ubingwa, ambayo huchukua kati ya miaka mitatu na saba.

Vyuo vingi vinavyotoa ufadhili mnono kwa wanafunzi wa kigeni ni vile vidogo vya elimu anuwai, kama vile Amherst, Williams, Swarthmore na Grinnell. Kila kimoja kina takriban wanafunzi 2,000. Vyuo hivi hushughulikia hasa shahada ya kwanza, na mwanafunzi wa sayansi huhimizwa kusoma pia fasihi, historia na falsafa. Havina shule za udaktari.

Hilo halimaanishi kwamba havimwandai mwanafunzi vilivyo. Harold Varmus alisomea fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Amherst kabla ya kugeukia udaktari, na mwaka 1989 akawa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti kuhusu chanzo cha saratani. Jennifer Doudna, aliyeshinda ile ya Kemia mwaka 2020, alianzia katika chuo cha Pomona, California.

Wakenya nao wana mfano wa karibu. Marehemu Prof Wangari Maathai alisomea biolojia katika chuo kidogo cha Mount St Scholastica, jimboni Kansas, akahitimu mwaka 1964. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966, na ile ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971.

Nguvu ya vyuo hivi ni ukaribu. Madarasa ni madogo na maprofesa hufundisha wenyewe. Kwa kuwa hakuna wanafunzi wengi wa uzamifu wa kung'ang'ania vifaa, hata mwanafunzi wa mwaka wa pili aweza kushiriki utafiti katika maabara. Profesa aliyefanya kazi naye kwa miaka miwili humwandikia barua ya mapendekezo yenye uzito. Kasoro yake ni kwamba kozi za kiwango cha juu ni chache na baadhi ya mitambo mikubwa haipatikani.

Anayelenga udaktari hupaswa kupanga masomo yake tangu muhula wa kwanza. Shule nyingi za udaktari hutaka mwaka mmoja wa biolojia, mmoja wa fizikia, miwili ya kemia ikiwemo kemia ya kaboni, pamoja na biokemia, takwimu na uandishi wa Kiingereza. Masomo ya kemia hufuatana kama vidato vya ngazi, hivyo anayechelewa kuanza huchelewa kumaliza. Kisha kuna mtihani wa MCAT, ambao alama zake huanzia 472 hadi 528, na ambao pia hupima saikolojia, sosholojia na ufahamu wa makala. Hapo ndipo usomaji mpana wa chuo cha elimu anuwai humfaa mtahiniwa.

Hata hivyo, kikwazo kikuu si mtihani bali ni uraia na pesa. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei wanafunzi wa kigeni wasio na kibali cha ukazi wa kudumu. Baadhi ya zile zinazowapokea huwataka wathibitishe mapema kwamba wana karo ya miaka yote minne. Mikopo ya serikali ya Marekani nayo haitolewi kwa wageni wanaosoma kwa viza ya mwanafunzi. Hivyo basi, mwanafunzi aliyesomeshwa bure katika shahada ya kwanza aweza kujikuta amekwama na alama nzuri mkononi.

Mlango wa sayansi ni mpana zaidi. Vyuo vikuu vingi hupokea wanafunzi wa uzamifu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, wakiwemo wa kigeni, na katika fani za biolojia na kemia kwa kawaida huwalipia karo na kuwapa posho ya kujikimu. Kinachotafutwa zaidi ni tajriba ya utafiti. Lakini hapa pia pana tahadhari: nafasi nyingi za utafiti wa likizo zinazogharimiwa na serikali ya Marekani ni za raia na wakazi wa kudumu pekee. Mgeni yafaa aulizie mapema fedha za utafiti za chuo chake mwenyewe.

Kwa hivyo, kabla ya kukubali nafasi, mzazi na mwanafunzi wakiulize chuo maswali matatu. Je, ni wanafunzi wangapi wa kigeni kutoka chuoni humo waliojiunga na shule za udaktari katika miaka ya karibuni? Nani aliwalipia? Na wale waliokosa, walielekea wapi? Ikiwa majibu hayaridhishi na nia ni udaktari pekee, huenda nafasi ya kusomea taaluma hiyo hapa nyumbani ikawa njia fupi na ya hakika zaidi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.